Eksirei kwa Mtoto Mchanga: Kinga Inaanzia Wapi

Mtoto wa siku mbili anapumua kwa shida. Mbavu zinavutika ndani kila anapovuta hewa, midomo imeanza kubadilika rangi, na daktari wa wodi ya watoto wachanga anaagiza apigwe picha ya kifua. Hapo mama anaingiwa na hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Amesikia kwamba eksirei inachoma damu. Amesikia kwamba mtoto aliyepigwa picha akiwa mdogo hatazaa, na kwamba mama asimnyonyeshe mpaka mionzi iishe mwilini. Nyanya ya mtoto, aliyepanda matatu alfajiri kutoka Mgange kuja na uji, naye anashauri waombe dawa tu na picha iachwe.

Mazungumzo kama hayo yanaweza kuzuka katika hospitali yoyote inayozalisha akina mama, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, iwe Taveta, Wesu au Mwatate. Mzazi anayeogopa mionzi hajakosea. Mionzi si kitu cha kuchezea, na mwili wa mtoto mchanga huathirika nayo kuliko wa mtu mzima. Tatizo ni kwamba hofu hiyo mara nyingi huelekezwa pasipo. Swali la kwanza huwa ni kama mtoto atafunikwa aproni ya risasi. Lakini linalomkinga zaidi ni kama picha yenyewe inahitajika, miale imebanwa ipige sehemu gani ya mwili, na kama picha hiyo itapigwa mara moja tu badala ya mara tatu.

Kwa nini mtoto mchanga ni tofauti

Miale ya eksirei hupenya mwili. Sehemu yake hutokea upande wa pili na kuchora picha, nyingine hunaswa na mwili. Hii inayonaswa ndiyo inayoweza kudhuru vinasaba ndani ya seli. Mara nyingi seli hujirekebisha zenyewe. Mara chache sana kosa hubaki, na baada ya miaka mingi linaweza kuwa chanzo cha saratani.

Seli za mtoto mchanga zinagawanyika kwa kasi kwa sababu anakua, na seli inayogawanyika ni rahisi kudhurika. Pia ana maisha marefu mbele yake, kwa hiyo kosa dogo la leo lina muda mrefu wa kujitokeza. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: udogo wenyewe. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu, tezi ya shingo, mapafu, moyo, tumbo na viungo vya uzazi vyote vimepangana katika nafasi isiyozidi sana shubiri moja. Mtu mzima akipigwa picha ya kifua, nyonga ziko mbali. Kwa mtoto huyu, miale ikipanuliwa vidole vitatu tu chini ya inapopaswa kuishia, imekwisha kufika tumboni.

Ulimwengu ulijifunza tahadhari hii polepole. Mwaka 1956 daktari Mwingereza Alice Stewart, wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitangaza matokeo ya kwanza ya uchunguzi uliowahoji akina mama waliofiwa na watoto wao kwa saratani. Miongoni mwao, waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na hatari kwa watoto wao ilionekana kuwa takriban mara mbili. Madaktari wengi hawakumwamini, na wajawazito wakaendelea kupigwa picha, hata baada ya uchunguzi mwingine uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1962 kuelekea upande huo huo. Leo hakuna anayempeleka mjamzito kwenye eksirei ya tumbo bila sababu nzito.

Hata hivyo kiasi kinapaswa kueleweka. Kila mtu duniani hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, katika hewa na hata katika chakula, wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Mahali pengine ni zaidi. Katika kaunti jirani ya Kwale, Kilima cha Mrima kinajulikana na wanasayansi kwa kuwa na thoriamu nyingi ardhini, na mionzi ya asili pale ni ya juu kuliko kawaida. Picha moja ya kifua ya mtoto mchanga, ikipigwa vizuri, humpa mtoto sehemu chache tu za mia za milisiveti moja. Hicho ni kiasi ambacho angekipokea kutoka katika mazingira yake kwa siku chache.

Upande wa pili wa mizani kuna ugonjwa wenyewe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuwa na mapafu ambayo hayajakomaa. Mwingine amevuta kinyesi cha kwanza pamoja na maji ya uzazi, au ana nimonia, au hewa imevuja nje ya pafu na inalikandamiza. Kwa macho dalili zote hizo hufanana, lakini matibabu yake hayafanani. Hewa iliyovuja inaweza kuua kwa muda mfupi, nayo hutolewa kwa sindano au mrija, si kwa dawa za nimonia. Kuiacha picha inayohitajika ili kumkwepesha mtoto mionzi ya siku chache ni biashara ya hasara.

Picha isiyohitajika ni jambo jingine. Zipo shida za watoto wachanga ambazo huchunguzwa kwa mawimbi ya sauti, kipimo kile kile wajawazito wanachokiita "skeni", ambacho hakina mionzi kabisa. Ubongo wa mtoto mchanga unaweza kutazamwa hivyo kupitia utosi kabla haujafunga. Moyo, figo na ini vivyo hivyo. Nyonga inayoshukiwa kuwa imetoka mahali pake, hasa kwa mtoto aliyekuwa ametanguliza matako tumboni, huonekana vizuri zaidi kwa mawimbi ya sauti katika miezi ya mwanzo, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Skeni ya kompyuta, ile ya mtambo wa duara unaomzunguka mgonjwa, ina mionzi mingi zaidi. Skeni ya kichwa inaweza kuwa sawa na makumi ya picha za kifua. Ina kazi yake, lakini kwa mtoto mchanga huwa haiagizwi kwanza.

Mraba wa mwanga

Mtambo wa eksirei una taa. Kabla ya kupiga picha, mtaalamu huiwasha na mwili wa mtoto huangukiwa na umbo la mraba au mstatili wa mwanga. Mahali unapofika mwanga huo ndipo itakapofika miale. Ndani ya kichwa cha mtambo kuna vibao vya risasi ambavyo mtaalamu huvisogeza ili kuupanua au kuubana. Kazi hii ya dakika moja ndiyo kinga kubwa kuliko zote ambazo mtoto anapata katika chumba cha picha, na uzuri wake ni kwamba mzazi anaweza kuiona kwa macho yake.

Kwa picha ya kifua, mwanga unatakiwa kuanzia chini ya shingo hadi mwisho wa mbavu. Usifunike uso. Usishuke hadi kwenye nyonga. Mikono ya mtoto huwekwa kando, na mikono ya anayemshika hubaki nje ya mwanga. Iwapo daktari anataka kifua na tumbo kwa pamoja, mathalani kuangalia mrija uliopitishwa kitovuni umefika wapi, mstatili utakuwa mrefu na sababu ipo. Mzazi anaweza kuuliza kwa adabu: "Daktari, picha ni ya kifua peke yake au pamoja na tumbo?" Swali hilo halimkosei mtu heshima.

Kuna kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2011 gazeti la New York Times la Marekani lilieleza habari za hospitali moja ya Brooklyn, ambako mwaka 2007 mkuu wa idara ya picha alizipitia eksirei za watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kukuta wengine wamepigwa mwili mzima, ilhali kilichoombwa kilikuwa kifua tu. Miale haikuwa imebanwa. Hapakuwa na uhaba wa mitambo pale, wala wataalamu. Ni mazoea yaliyokuwa yamelegea bila mtu kuyatazama. Ikiwa jambo hilo liliweza kutokea katika hospitali ya mji mkubwa, basi hakuna hospitali inayoweza kujiona iko salama bila kuzikagua picha zake mara kwa mara.

Mitambo ya kisasa nayo imeleta mtego wake. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya kitaifa, kupitia mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, ilipeleka mitambo ya kidijitali ya eksirei katika hospitali mbili za kila kaunti. Zamani, mtaalamu aliyetumia miale mingi kupita kiasi aliumbuka mara moja, kwa sababu filamu ilitoka nyeusi tii. Kompyuta haimuumbui. Hurekebisha picha ikatoka safi hata kama miale ilizidi, na picha hiyo iliyozidishwa huonekana nzuri hata kuliko iliyopigwa kwa kipimo. Hivyo kipimo kinaweza kupanda mwezi baada ya mwezi bila yeyote kuhisi. Dawa yake ni mtaalamu kusoma namba ambayo mtambo huonyesha baada ya kila picha, na idara kuwa na vipimo vya watoto vilivyobandikwa ukutani kulingana na uzito, badala ya kupunguza kwa kukisia kile cha watu wazima.

Na aproni ya risasi?

Kwa miaka mingi ilikuwa desturi duniani kote kumwekea mtoto kipande cha risasi juu ya nyonga. Wazazi waliizoea, na wengi wakiikosa huona mtoto wao amedharauliwa. Ila ushauri wa wataalamu umebadilika. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilipendekeza desturi hiyo isiwe ya kila mara, na Januari 2021 baraza la taifa la nchi hiyo linaloshughulikia kinga ya mionzi likasema vivyo hivyo.

Mionzi kidogo inayofika kwenye nyonga wakati wa picha ya kifua hutoka hasa ndani ya mwili wa mtoto mwenyewe, pale miale inapogonga viungo na kutawanyika. Risasi iliyowekwa juu ya ngozi haiwezi kuizuia hiyo. Kwa upande mwingine, kipande hicho huteleza. Mtoto akirusha miguu, risasi hupanda na kufunika sehemu ambayo daktari alitaka kuiona, na picha hurudiwa. Basi kinga imezaa mionzi maradufu. Katika mitambo inayojipimia miale yenyewe, risasi ikiingia ndani ya mraba mtambo hudhani mwili ni mnene na kuongeza miale.

Bado zipo hospitali zinazoitumia, na ikiwekwa mbali na sehemu inayopigwa picha haina madhara. Lakini mzazi asiifanye kuwa kipimo cha huduma. Anayestahili kuvaa aproni bila mjadala ni yule anayemshika mtoto, kwa sababu yeye hahitaji picha yoyote na yuko hatua moja kutoka kwenye miale.

Mtu huyo anaweza kuwa mama, baba, shangazi au yeyote wa familia, mradi si mjamzito na hadhani huenda ana mimba. Hili lisemwe waziwazi kabla mlango haujafungwa, hata kama mimba yenyewe bado ni siri ya nyumbani. Mama aliyejifungua juzi hana kizuizi chochote. Eksirei haiingii katika maziwa. Mtoto akitoka kwenye picha anaweza kuwekwa titini hapo hapo, na hata mama mwenyewe akipigwa eksirei anaendelea kunyonyesha kama kawaida. Miale hukoma mtambo unapozimika, kama mwanga wa taa unavyokoma swichi ikibonyezwa. Haibaki mwilini, wala mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake wa kitanda cha pili.

Mara nyingine mtoto ni mgonjwa kiasi cha kutoweza kutolewa wodini, na mtambo wenye magurudumu ndio unaomfuata. Hapo wodi nzima hutaharuki. Akina mama hunyakua watoto wao na kukimbilia nje, na mtoto aliyekuwa kwenye joto anajikuta kwenye upepo wa varanda. Haraka hiyo haihitajiki. Mionzi inayotawanyika hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea: aliye mita mbili hupata robo ya anayopata aliye mita moja, na hata hiyo ya mita moja ni kidogo mno. Inatosha kufuata maelekezo ya mtaalamu. Mtoto aliyefungwa kifuani pa mama yake kwa ajili ya joto hutolewa na kulazwa peke yake wakati wa picha yake, ili mama asiwe ndani ya mraba.

Picha nzuri kwa mara ya kwanza

Mionzi mingi ambayo ingeweza kuepukwa hutokana na kurudia. Mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika na haelewi "tulia", kwa hiyo picha huharibika kirahisi. Mtoto aliyeshiba na kufungwa vizuri kwenye shuka hutulia zaidi kuliko mwenye njaa, ingawa aliye mgonjwa sana huenda amezuiwa kunyonya, na hilo ni la muuguzi kusema. Pini ya nepi, shanga za kiunoni, bangili na hirizi vitolewe mapema ikiwa viko karibu na sehemu inayopigwa. Hakuna anayeikataa mila ya mtu. Ni kwamba chuma na shanga hutoka kwenye picha kama doa, na doa juu ya pafu humfanya daktari aagize nyingine.

Baridi nayo si jambo dogo, hasa milimani. Chumba cha picha asubuhi ya Julai kule Wesu si sawa na cha Voi. Sahani ya picha huwa baridi, na mtoto mdogo hupoteza joto upesi akilazwa juu yake bila nguo. Kitambaa chepesi kimoja kati ya mgongo na sahani hakiharibu picha. Blanketi liwe tayari mkononi mwa mama.

Nchini Kenya kila kituo kinachotumia eksirei, cha serikali au cha binafsi, kinatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 iliyochukua nafasi ya ile ya kinga ya mionzi ya mwaka 1982. Mkazi anayempeleka mtoto kwenye kliniki ya mjini anaweza kuuliza kuhusu leseni hiyo, na pia kuuliza kama kliniki imezoea watoto wachanga. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa, na mzazi kwa niaba ya mtoto, haki ya kuelezwa kipimo ni cha nini, kina faida na hatari gani, na kama kuna njia nyingine, kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kitaita, kitafutwe cha kusema kwa Kitaita. Wodi haikosi mtu wa kutafsiri.

Rudio jingine hutokea barabarani. Mtoto anapigwa picha Taveta, anahamishiwa Voi na picha inabaki kwenye meza. Voi wanapiga nyingine kwa sababu hawana la kufanya. Hali inakuwa nzito, anapelekwa Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani jijini Mombasa, zaidi ya kilomita 150, na huko anapigwa ya tatu. Wakati mwingine ya tatu inahitajika kweli, maana pafu la mtoto hubadilika kwa saa chache. Wakati mwingine ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuichukua ya kwanza.

Filamu ikiwepo isikunjwe, na isiwekwe pamoja na chupa ya chai ya moto. Ibebwe ndani ya bahasha yake na isafiri na mama, isipakiwe na mizigo. Kama hospitali haichapishi filamu, mzazi aombe picha iwekwe kwenye sidii, au apewe angalau ripoti iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu humsaidia daktari wa pili kujua kilichoonekana, lakini haitoshi kupima vitu vidogo. Na katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, muuguzi aandike tarehe, sehemu ya mwili iliyopigwa na jina la hospitali, ili hata bahasha ikipotea njiani, anayempokea mtoto Mombasa ajue kimefanyika nini na amuulize nani kwa simu.